Wati elfu kumi, na Babu bado hasikii!

Wiki hii sina habari ya shoga kumpora shoga mwenzie bwana, hayo tuyaache kwanza yapoe. Leo nataka tuongee juu ya ugonjwa mmoja ulioingia Tabora mjini na vitongoji vyake, ambao dawa yake haiuzwi duka la dawa. Ugonjwa wenyewe unaitwa wati.

Pita Isevya, pita Ng'ambo, pita Cheyo au Kiloleni Jumamosi jioni. Bati zinatingishika, vyombo vinacheza kabatini, mbuzi wamehama uani. Muulize mwenye nyumba mziki wake ukoje. Hatakwambia kama sauti ni safi, wala kama maneno ya mtangazaji yanasikika. Atavuta pumzi, atapandisha kifua, kisha atasema: "Huu? Wati elfu kumi!" Basi. Mazungumzo yameishia hapo, na wewe mwenye redio yako ya betri mbili ujione si mtu.

Wahenga hawakuwahi kuona sabufa, lakini walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Kuvuma si kusikika. Na mimi ushahidi wangu uko ndani ya ukoo.

BABU ANAHAMIA CHINI YA MWEMBE

Mjomba wangu ni mkulima wa tumbaku upande wa Urambo, ila familia yake inakaa hapa mjini. Mwaka jana soko lilipomwendea vizuri, akaona na yeye afurahishe nyumba. Akaingia dukani, akatoka na homu thieta kamili: TV bapa ya ukutani, spika ndogo tano na sabufa moja yenye taa za rangi kama disko. Kwenye boksi imeandikwa wati 10,000 kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni.

Nyumba ile anaishi pia Babu, yaani baba yake mjomba, babu yangu mzaa mama. Babu ni mstaafu wa reli. Tabora yetu ndiyo makutano ya njia ya Kigoma na njia ya Mwanza, na wazee wengi wa hapa ujana wao wameumalizia relini. Babu alikuwa karakana, miaka kwa miaka katikati ya nyundo, vyuma na ngurumo za injini. Masikio yake yamechoka, lakini kitu kimoja hakikosi: taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukitaka kugombana naye, piga kelele saa mbili kamili.

Sasa mtambo ukafungwa. Siku ya kwanza Babu akakaa. Siku ya pili akakaa huku ameinamisha kichwa. Baada ya wiki mbili akachukua redio yake ya zamani na kigoda chake, akahamia chini ya mwembe. Watoto wakasema Babu amesusa. Mjomba ikamuuma sana, akawa anasema: "Nimemletea mzee mtambo wa maana, ananikimbia!" Alipoulizwa, Babu alijibu kwa kifupi tu: "Wale watu wa kwenye TV wanakula maneno."

Fundi mmoja wa madukani akamwambia mjomba kuwa dawa ni moja tu, mtambo wake ni mdogo, aongeze wati. Upo mwingine mkubwa zaidi, arudishe huu na kuongeza laki tatu. Na laki tatu zenyewe, msomaji, zilikuwepo ndani. Zilikuwa za mbolea ya msimu unaokuja.

Mke wa mjomba ndiye aliyenipigia simu. "Njoo uzungumze na mjomba wako," akasema, "maana sijasikia tumbaku inayooteshwa kwa sabufa."

Nikaenda. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba. Haya, wewe msomi wa magazeti, hebu niambie huu mziki una nini."

Nikaangalia. Wallahi mziki ulikuwa mzima. Spika zote tano zilikuwa zimepangwa juu ya kabati la vioo, mstari mmoja, kama wanafunzi paredi. Kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kizuri. Mbili zimegeukia ukutani kwa sababu eti waya zinaonekana vibaya. Ile ya katikati imekaa nyuma ya maua ya plastiki. Sabufa imefungiwa ndani ya kabati na mlango wake. Hapo ndipo wati elfu kumi zilipokuwa zinalala.

WATI NI UGALI, SAUTI NI JEMBE

Sasa tuelewane hapa taratibu. Wati ni kipimo cha umeme unaoingia kwenye spika. Sauti inayotoka ni kitu kingine. Ni kama sahani ya ugali. Wape watu wawili sahani sawasawa: mmoja atakwenda kulima matuta ishirini, mwingine atatafuta kivuli alale. Huwezi kupima kazi ya shamba kwa kuhesabu sahani.

Na spika, nikwambie ukweli, ni mvivu wa kutupwa. Spika ya kawaida ya nyumbani hugeuza chini ya asilimia 1 ya umeme kuwa sauti. Nyingine yote inakuwa joto. Ndiyo maana zipo spika nafuu na spika mvivu zaidi, na kuna kipimo cha kuzitofautisha. Mafundi wanakiita sensitiviti, yaani wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti. Spika inapewa wati 1 tu, kipaza sauti kinawekwa mita 1 mbele yake, halafu wanasoma imetoa desibeli ngapi. Spika ndogo ndogo hizi huwa kwenye 82 au 84. Ya wastani ni 87 au 88. Ikifika 92 na kuendelea, hiyo ni nyepesi.

Utasema tofauti ya 82 na 91 ni kitu gani, si tisa tu? Ngoja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinataka wati mara mbili. Kwa hiyo desibeli 9 ni mara mbili, mara mbili, mara mbili, jumla mara nane. Spika ya 91 ukiipa wati 10 itatoa sauti sawa na ile ya 82 uliyoipa wati 80. Na ukitaka sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi! Mtu anayetoka wati 50 kwenda wati 100 amenunua desibeli 3. Tofauti ipo, lakini siyo ya kuuzia mbolea.

Halafu hizo elfu kumi zenyewe. Nikamwambia mjomba tugeuze mtambo nyuma. Pale panapoingia waya wa umeme pana kibandiko kidogo kisichosomwa na mtu: volti 220 hadi 240, wati 65. Mjomba akavaa miwani. Akasoma tena.

"Sasa mjomba, mtambo unaokula wati 65 ukutani utatoaje elfu kumi?"

Kimya.

Zile elfu kumi huwa zinaandikwa na herufi nne, PMPO. Ni hesabu ya wauzaji, ya nguvu inayodaiwa kuruka kwa sekunde kiduchu sana, na kila kampuni inapiga hesabu inavyopenda. Ukitaka namba ya kweli tafuta herufi RMS, au geuza mtambo usome unakula umeme kiasi gani. LUKU haidanganyiki, msomaji wangu.

BARAGUMU LA KIRANGOZI

Mjomba hakukubali kirahisi. "Yaani wewe unataka kuniambia kitu chenye nguvu ndogo kinaweza kusikika kuliko chenye nguvu kubwa?"

Nikamjibu kwa mfano wa hapa hapa kwetu. Sisi ni watu wa njia ya misafara. Bagamoyo hadi Ujiji, katikati ni Tabora, ambayo Waarabu waliiita Kaze. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe lake hadi leo ni makumbusho. Waliobeba mizigo walikuwa zaidi Wanyamwezi, babu zetu, kila mmoja na kilo 30 hivi begani. Misafara mingine ilikuwa na mamia ya watu, mstari mrefu ndani ya miombo, wa mbele hamwoni wa nyuma.

Waliwezaje kwenda pamoja? Mbele alitangulia kirangozi. Palikuwa na ngoma, na palikuwa na baragumu, pembe ya tandala. Burton aliyaandika hayo. Pumzi ya mtu mmoja ndiyo iliyouambia msafara twende au tusimame. Sasa niambie, pumzi ile ilikuwa na wati ngapi?

Siri iko kwenye umbo. Pembe inaanza nyembamba mdomoni, inapanuka taratibu kuelekea nje. Mtikisiko mdogo wa midomo unapata hewa ya kuushika na kuusukuma, haupotei bure. Tena sauti inaelekezwa mbele badala ya kumwagika pande zote. Spika za honi unazoziona kwenye mikutano ya hadhara na juu ya minara ya misikiti ni mjukuu wa baragumu. Honi moja inaweza kutoa desibeli 105 kwa wati 1. Ukiilinganisha na spika ya sebuleni ya 85, tofauti ni 20, yaani mara mia. Honi yenye wati 10 inahitaji spika ya sebuleni yenye wati 1,000 kuifikia. Ubaya wake ni kwamba haina besi, kwa hiyo usije ukaifunga chumbani ukanilaumu.

Hapo mjomba akacheka. "Basi sawa," akasema, "tufanyeje na huu wetu?"

KILA SPIKA NA KITI CHAKE

Mpangilio huu wa spika tano na sabufa umetoka kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ilitoka na mfumo wa Dolby Digital, wenye njia sita za sauti, kila moja na kazi yake. Baadaye ukaingia majumbani. Maana yake spika hizo si mapambo yanayofanana. Ya kushoto na ya kulia zinabeba muziki na mambo ya upande wao. Ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya watu. Mbili za pembeni zinaleta mvua, magari, watu wanaoshangilia. Sabufa ni ya besi peke yake. Ukizipanga zote kabatini, umewaita wapiga ngoma, waimbaji na wachezaji ukawafungia choo kimoja.

Dawa ni kamba tu. Kaa kwenye kochi unalotumia siku zote. Pima kutoka hapo hadi spika ya kushoto, halafu hadi ya kulia. Urefu huo huo uwe pia kati ya spika na spika. Ukipata pembetatu yenye pande sawa, umemaliza mbele. Kwa zile za pembeni, fikiria sakafu ni saa ya ukutani, wewe uko katikati na TV iko kwenye namba 12. Za mbele zitakuwa namba 11 na namba 1. Za pembeni ziweke baina ya 3 na 4, na baina ya 8 na 9. Yaani ubavuni, nyuma kidogo ya sikio, juu kidogo ya kichwa. Ya katikati iwe chini au juu ya TV, uso wake ukitazama masikio yenu, mbele yake pasiwe na ua, saa wala picha ya harusi.

Vitambaa tukavivua. Mke wa mjomba alinuna kidogo, lakini nikamweleza: sauti nyembamba inatoka kwenye twita, na kitambaa kizito mbele ya twita ni kama kuongea umejifunika shuka. Tukakubaliana vitambaa vikae kwenye makochi.

Makochi nayo tukayasogeza. Yalikuwa mita nne kutoka kwenye TV, tukayaleta mita mbili na nusu. Uwanjani ukipunguza umbali nusu unaongeza desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne. Ndani ya chumba faida ni ndogo kuliko hiyo kwa sababu kuta nazo zinarudisha sauti, lakini ipo, na ni ya bure.

Ikabaki sabufa. Hii ina vituko. Ukiisogeza ukutani besi inaongezeka, ukiitia konani inaongezeka zaidi, kwa sababu kuta zinairudisha sauti yote chumbani. Ndiyo maana wengi wanapenda kona, kumbe inawavumia kama pipa. Mafundi wana mbinu yao: weka sabufa juu ya kochi pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, halafu wewe tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma, ndipo pa kuiweka. Nikatambaa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akanikuta nimepiga magoti nimeweka sikio sakafuni, akaondoka bila chumvi. Nasikia siku mbili mtaani walikuwa wanauliza kama nimepandisha mashetani.

KWA NINI BABU HAKUSIKIA

Sasa twende kwa mzee. Masikio yaliyoharibiwa na kelele za muda mrefu kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba, za juu. Katika maneno, sauti hizo ni s, f, t, ch na wenzao. Irabu ni nzito zaidi, zinabaki. Mtangazaji akisema "saa tisa", masikio kama ya Babu yanapata "aa ia". Sauti anaisikia, tena vizuri, ila haijui. Ndiyo maana alisema wanakula maneno, na alikuwa mkweli kabisa.

Kila mjomba alipoongeza sauti, besi nayo iliongezeka na kuyafunika hata yale machache yaliyobaki. Wati zaidi zingemletea mzee ngurumo zaidi, na ngurumo aliziacha relini. Alichohitaji ni ile spika ya katikati imtazame usoni, twita iwe wazi, besi ipunguzwe. Kwenye rimoti tukapandisha ya katikati kwa desibeli 3, sabufa tukaishusha.

Saa mbili kasoro tano nikamfuata chini ya mwembe. "Babu, karibu ndani, habari inaanza." Akanitazama kwa muda. "Wamerudi kusema?" akauliza. Nikamwambia tujaribu. Akabeba kigoda chake, makochi yote yale hakuyataka.

Taarifa ikaanza. Namba ya sauti kwenye TV, ambayo zamani ilikuwa 38, ilikuwa 22. Watoto wamenyamaza kama wako mtihanini. Babu amekunja mikono. Ilipofika habari ya bei ya mazao, akamgeukia mjomba: "Umesikia hiyo? Na wewe ulikuwa unataka kuchezea pesa ya mbolea."

Mjomba akaangalia chini. Ndani ya chumba hakuna aliyejua kwamba Babu anajua habari ya mbolea. Masikio yake, kumbe, yanasikia wanapoongea watu taratibu.

Sikudanganyi kwamba Babu amepona. Maneno mengine bado yanampita, na tumekubaliana apelekwe hospitali ya mkoa akapimwe masikio, maana spika haiwezi kufanya kazi ya daktari. Lakini redio yake ya mwembe imerudi chumbani, na mwenyewe saa mbili yuko ndani na watu wake. Baada ya habari huomba apigiwe Tabora Jazz, akimsikiliza Shem Karenga hadi usingizi umpitie pale pale kwenye kigoda.

NA JIRANI JE?

Neno la mwisho kwenu wapangaji wenzangu. Besi haina adabu. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, pazia haliliambii kitu, na ukuta wa tofali moja linaupita likicheka. Na nyumba zetu nyingi hazina silingibodi, ukuta unaishia chini ya bati, sauti inaruka juu kama panya. Sabufa uliyoiegemeza kwenye ukuta wa pamoja umeiweka kichwani kwa kitanda cha mwenzio, na huenda kitandani pale pana mgonjwa au mtoto mchanga. Isogeze ukuta mwingine, inyanyue kutoka sakafuni uiwekee kipande cha godoro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kelele za kupita kiasi, lakini ujirani mwema hausubiri askari.

Basi ukienda dukani, usiulize wati kwanza. Uliza desibeli ngapi kwa wati 1. Tafuta RMS. Geuza mtambo nyuma usome. Kisha rudi nyumbani utafute kamba, uvue vitambaa, na umuulize mzee wa nyumba anasikia nini. Huenda mziki unaoutafuta umeshaununua tayari, ila umeuweka nyuma ya maua.

Mpaka wiki ijayo, msomaji wangu. Na ukisikia jirani anagonga ukuta usiku, usidhani anakupigia makofi.